Mvua ya Wastani

Haipiti wiki kabla kijana mmoja hajanifuata, kanisani, sokoni, hata msibani, kuniuliza kama kazi ya kuandika programu imekufa. Ananiuliza mimi kwa sababu nimestaafu, na watu hudhani mstaafu ni kama marehemu, hana tena sababu ya kudanganya. Jina langu ni Syombua. Maisha yangu yote ya kazi niliandika programu za kompyuta katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa ndengu na mbaazi kule Migwani, na sasa nalima maharagwe huku milima ya Mbooni na kugombana na tumbili. Sababu za kudanganya ninazo tele. Mtaziona mkiendelea kusoma.

Nitawajibu, lakini kwa njia ndefu, maana hivyo ndivyo nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wenu. Mwenye haraka na aiulize simu yake. Itamjibu upesi na kwa upole, na atalala vizuri.

Aliyenichokoza hadi nikashika kalamu ni Ndinda, binti wa kaka yangu Mutua. Ndinda ndiye aliyerithi kiti changu pale ofisini. Misimu michache iliyopita alipanda huku kwangu kwa boda boda, kompyuta mgongoni, uso kama wa mtu anayetoka mazikoni. Nikamwekea chai. Hata haijapoa akasema:

"Anti, nataka kuacha hii kazi kabla haijaniacha."

Kumbe kuna muuzaji aliyefika ofisini kutoka Nairobi, viatu vinang'aa hadi vumbi la Migwani likaona haya, akiuza mtambo wa ile akili ya kompyuta. Wasomi wa Kiswahili wengine huiita akili unde, wengine akili mnemba, na watakapomaliza kubishana watatujulisha. Ndinda anaiita AI tu, na mimi nitaiita mtambo. Muuzaji aliiambia bodi ya ushirika kwamba mtambo wake unaandika programu wenyewe, na wakiununua hawatahitaji tena kumlipa mtu wa kukaa pale akibonyeza vitufe. Sasa, bodi yetu ni ya wakulima. Hawanunui hata mbuzi kabla hawajamshika mgongo. Wakamwambia Ndinda aujaribu mtambo huo, halafu aje kikaoni juma lililofuata aseme kama unafaa. Yaani walimpa kuku kisu wakamwomba awaambie kama kina makali.

"Nikisema iko sawa, nimejifuta," Ndinda akaniambia. "Nikisema ni mbaya, watasema ni uoga. Afadhali nitoke na heshima yangu. Dad ameshasema nikuje nikauze mbegu kwa duka yake."

"Na wewe unataka kuuza mbegu?"

Akatazama kikombe. "Nataka kuandika code, Anti. Tangu nikiwa mdogo nikikuona ukiandika. Lakini soma hii."

Akaanza kunisomea vitu kutoka kwenye simu yake, kimoja baada ya kingine, na kila alichosoma kilimwinamisha zaidi. Nikaona atagusa meza kwa pua. Nikamwambia kila akimaliza anijibu swali moja tu: huyo aliyesema anauza nini?

Wa kwanza alikuwa mkubwa wa kampuni fulani ya ng'ambo. Alisema waandishi wa programu wamekwisha, wajitafutie kazi nyingine.

"Anauza nini?"

"AI."

Wa pili alisema, sivyo kabisa, waandishi wa programu watatafutwa kuliko wakati wowote.

"Huyu naye anauza nini?"

"Course. Ya online."

Wa tatu alikuwa mwandishi wa programu, amejaa hasira, akisema mtambo ni mjinga na hautaweza lolote. Ndinda akasema huyo hauzi kitu. Nikamwambia angalia tena, anauza mikono yake mwenyewe, na mnunuzi ameanza kuangalia kwingine. Wa nne alisema mitambo itatumaliza sisi sote, binadamu mzima mzima, na maelezo kamili yako kwenye kitabu chake. Huyo hata hatukumjadili.

"Na Dad anasema computer haina future, future ni mbegu," Ndinda akamalizia.

"Na Dad amekosa mtu wa kukaa dukani tangu lini?"

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. Halafu akafanya kosa ambalo nyinyi vijana hulifanya mkishagundua kwamba watu wana njaa zao. Akaitupa simu kando, akasema, "Basi wote ni waongo. Siamini mtu."

Nikamwambia, pole pole. Mimi pia niliwahi kufika hapo, na aliyenitoa ni Bwana Salim.

Siku hizo, kabla ya kila msimu wa kupanda, ushirika ulikuwa ukitoa tangazo la mvua. Tulikuwa na wapima mvua, watu wa kujitolea, kila mmoja na kipimamvua uani kwake, kuanzia pande za Mwingi hadi huku Makueni. Walituletea vipimo, mimi naviingiza kwenye kompyuta, programu inapiga hesabu, halafu tangazo linatoka: mvua imetosha, pandeni, au bado, ngojeni. Lilisomwa makanisani baada ya sadaka na msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Halikuwa jambo dogo. Mkulima wa kwetu akitupa mbegu kwenye mvua ya kudanganya, inachipuka kidogo inaungua, na mbegu nyingine hana.

Shida ni kwamba wapima mvua wetu walikuwa watu. Yupo aliyekaa karibu na ofisi ya chifu, na alijua chakula cha msaada kinapelekwa palipokauka, basi mvua yake haikuwahi kufikia hata nusu ya iliyonyesha. Yupo mwenye duka la mbegu, na kwake kulikuwa na gharika kila mwaka. Yupo mchungaji mmoja, mtu mwema sana, ambaye aliongoza maombi ya mvua hadharani kila mwanzo wa msimu, na baada ya maombi kipimamvua chake hakikukosa kumtetea Mungu.

Mkubwa wetu wa ofisi alikuwa ametoka semina, na kutoka huko alituletea neno moja, wastani. Alisema tuchukue vipimo vyote tuvitafutie wastani, wanaopunguza na wanaoongeza watafutana, na ukweli utabaki katikati. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu. Niliona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Nikaandika programu, safi, bila kosa hata moja la hesabu. Ikasema mvua imetosha. Tangazo likasomwa, watu wa nyanda za chini wakapanda.

Baada ya siku chache wanawake wakaingia ofisini bila kubisha hodi. Aliyetangulia alikuwa mama kijana aitwaye Kavata, leso imefungwa mkononi kama ya mtu anayepeleka mayai. Aliifungua juu ya meza yangu, juu ya kibodi yangu. Ulikuwa udongo. Mkavu, mwepesi, vumbi tupu, na ndani yake mbegu za ndengu zilizopikika.

"Hii ndiyo mvua yenu ya wastani," akasema. "Haya, panda wewe. Panda hapo."

Mkubwa alikumbuka ana mkutano Kitui.

Bwana Salim ndiye aliyekuwa mwalimu wangu pale ofisini. Familia yake ilitoka pwani zamani, yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia Kitui mjini, na Kiswahili chake kilinyooka hata akitukana. Chetu alisema kinatembea kwa magongo. Yeye ndiye aliyeandika programu za kwanza za ushirika, na alikaa kona ya nyuma na redio yake ndogo, akisubiri sisi wenye vyeti tujikwae. Nilidhani atanifariji. Alikuja akautazama ule udongo, akautazama wastani wangu kwenye kioo cha kompyuta, akasema:

"Binti, umemchukua mwongo wa kushoto na mwongo wa kulia, ukawaozesha, kisha ukakaa kungoja wazae mkweli."

Nikamwambia basi nitawafuta wote waongo, nibaki na wakweli. Akauliza nitabaki na nani. Nilifikiri sana. Tungebaki na mwalimu mstaafu wa huku Mbooni, na yeye alikuwa akisahau kupima, halafu anajaza kwa kukisia.

Kesho yake asubuhi Salim alichukua pikapu ya ushirika, akarusha jembe nyuma, akaniambia panda. Mnajua jinsi mama zetu wanavyopima mvua. Hakuna anayeuliza imenyesha kiasi gani. Anachimba, anaona unyevu umeshuka hadi wapi, kidole, kiganja, kiwiko. Ukifika kiwiko anapanda. Mama yangu alifanya hivyo, mama zenu wanafanya hivyo, hata mimi nilifanya hivyo hadi niliposomea kompyuta nikaanza kuona kiwiko ni ushamba.

Tukaenda boma hadi boma. Kwa kila mpima mvua tuliomba ruhusa, tukachimba, tukalinganisha udongo na kipimo alicholeta. Na hapo ndipo nilipoiona kazi yangu kwa mara ya kwanza. Yule wa karibu na chifu hakuwa akidanganya ovyo. Alipunguza nusu, kila mara nusu. Mchungaji alizidisha maradufu, kwa uaminifu wa kupendeza. Mwenye duka aliongeza robo tu, kwa sababu alikuwa na haya kidogo.

"Hawa ni hazina," Salim akasema akipangusa jembe. "Mtu akielemea upande mmoja siku zote, wewe jua anaelemea wapi na kwa kiasi gani, kisha mnyooshe. Wa kuogopa ni yule mwalimu wako mwema. Leo yu huku, kesho yuko kule, na mwenyewe hajui."

Tukaandika programu upya. Kila mpima mvua akapewa mwelemeo wake, na kila msimu tukatoka kuchimba tena. Hilo la kuchimba tena nililiona ni usumbufu hadi msimu mmoja tangazo likaanza kwenda mrama. Tulitafuta kosa kwenye programu hadi macho yakauma. Halikuwa humo. Kijana wa yule mtu wa karibu na chifu alikuwa amefungua duka la mbegu, na baba mtu, baada ya miaka ya kutunyima mvua, sasa alikuwa anatumwagia.

Nikamaliza hadithi nikamwambia Ndinda, okota simu yako. Huyo anayeuza mtambo anajua vizuri kuliko yeyote kile mtambo huo unachoweza kufanya, msikilize, kisha mpunguzie. Huyo mwenzako mwenye hasira amekaa akiuchokonoa mtambo usiku na mchana, na anajua kila mahali unapochechemea. Msikilize naye, mtolee uoga wake. Wote wawili wamemwona ng'ombe yule yule, kila mmoja kwa upande wake.

Angeondoka hapo ningebaki nimeheshimika. Lakini mimi nikishapewa sikio huwa sijui kunyamaza. Nikaendelea. Nikamwambia wamenizika mara nyingi. Ilipokuja lugha ya programu inayosomeka kama Kiingereza, walisema wakubwa wataandika programu wenyewe, na hadi leo nangojea mkubwa atakayeandika hata barua yake mwenyewe. Zilipokuja programu za hesabu za kununuliwa dukani, walisema sasa Syombua arudi kwao, na nilikula mshahara miaka mingi kwa kuzitengeneza hizo hizo za dukani. "Kwa hivyo hata hii itapita," nikasema. "Usiogope."

Ndinda alipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Anti, na wewe unauza nini?"

"Mimi? Mimi nimestaafu."

"Unauza hiyo miaka yako," akasema, taratibu, bila ubaya. "Ukikubali hii kitu inaweza kazi yako, utaona ni kama ulipoteza maisha. Kwa hivyo lazima useme itapita."

Nilikasirika. Nisidanganye, nilikasirika sana. Nikatoka nje nikawafokea tumbili ambao hata hawakuwepo. Mtoto niliyemfundisha kuwasha kompyuta amenishika mgongo kama mbuzi wa sokoni, na mbaya zaidi amepata mahali penye kidonda. Nikazunguka shamba lote, nikarudi, nikamwambia, "Basi tuchimbe."

Akaufungua mtambo pale pale kwenye meza yangu ya jikoni. Tukaupa kazi ya tangazo la mvua, tukiueleza kwa maneno ya kawaida kama unavyomweleza mgeni njia. Nilikuwa nimebandika sufuria nyingine ya chai. Haijachemka, kazi imekwisha. Programu iliyonichukua mimi sehemu nzima ya ujana wangu ilikuwa imekaa pale, imepangwa, ina maelezo. Niliikagua kama mama mkwe anavyokagua sufuria za mkaza mwana. Sikupata uchafu. Nikajifuta macho nikasingizia moshi, na mimi napikia gesi.

Ndinda akaingiza vipimo vya wapima mvua wetu, akauambia utoe tangazo.

Mtambo ukatafuta wastani.

Tulitazamana. Ndinda akauandikia kwamba baadhi ya watu hawa hupunguza. Ukamjibu, umesema kweli kabisa, ukawafuta. Nikamnyang'anya kibodi nikaandika kwamba hao uliowafuta ni watu waaminifu sana. Ukajibu, umesema kweli kabisa, ukawarudisha na kuomba radhi. Mkubwa wetu wa zamani angeupenda mno, wangekwenda semina pamoja.

Ndipo Ndinda akauuliza lile swali lenyewe, na aliliuliza kwa huzuni, kama alivyokuwa: je, watu kama mimi tumekwisha? Ukampa pole, ukamshauri afikirie kazi nyingine. Biashara ya kilimo ilikuwa mojawapo, kaka yangu angefurahi. Nikauliza mimi swali hilo hilo, lakini kwa kiburi, nikitaja miaka yangu. Ukaniambia ujuzi kama wangu hauwezi kuchukuliwa na mtambo wowote. Nakiri nilisoma jibu hilo mara mbili kabla sijagundua ninachofanyiwa.

"Nayo inaelemea," Ndinda akasema. Alikuwa ameketi wima sasa. "Inaelemea kwa mwenye anauliza."

Basi akaunyoosha. Akaueleza mpima mvua mmoja mmoja, nani hupunguza na kwa kiasi gani, nani huongeza, nani alibadilika na kwa nini, akauambia kila msimu ungoje matokeo ya kuchimba kabla ya kusema pandeni. Ukaandika hilo nalo, na uliandika vizuri kunishinda. Ukapata na kosa katika programu yangu ya zamani, ukanijulisha kwa adabu ambayo Bwana Salim hakuwa nayo hata siku ya Idi. Ndinda alipofunga kompyuta hakuwa na ule uso wa mazikoni, lakini hakuwa akicheka. Alikuwa amejua ni sehemu gani ya kazi yake imekwenda, na ilikuwa kubwa.

Siku ya kikao niliteremka naye hadi Migwani. Wastaafu huruhusiwa kukaa nyuma mradi wasiombe nauli. Mwenyekiti wa bodi sasa ni Mama Kavata, yule yule wa leso ya udongo, mvi zimejaa na sauti haijapungua. Muuzaji alisimama kwanza akasema sana. Alitaja mapinduzi mara nyingi hadi mzee mmoja wa bodi akauliza kama serikali ina habari.

Kisha Ndinda akaitwa.

"Kabla sijasema," akaanza, "nataka mjue mahali nimesimama. Hii machine ikifaulu, mimi ndiyo natoka. Kwa hivyo chochote nitasema, mnipunguzie."

Mimi nimekaa kwenye vikao vya ushirika nusu ya umri wangu, nimesikia watu wakiapa kwa Mungu na kwa watoto wao. Sijawahi kusikia mtu akiwaambia wasikilizaji wampunguzie.

Halafu akawaambia ukweli wote. Kwamba mtambo unafanya sehemu kubwa ya kazi yake na unaifanya haraka na vizuri. Kwamba alitafuta ubovu kwenye uandishi wake akakosa. Kisha akawaambia habari ya wastani. "Inaamini kila mtu," akasema. "Na ukiigombeza, inakuamini wewe. Hiyo ndiyo shida yake. Lazima kuwe na mtu anajua nani anaelemea wapi, na anatoka kuenda kuchimba. Hiyo mimi naweza. Lakini mkumbuke nimewaambia mnipunguzie."

Mama Kavata hakuhitaji kuelezwa mvua ya wastani ni nini. Nilimwona akivuta ncha ya leso yake.

Muuzaji akainuka haraka. Akasema, kwa heshima zote, binadamu ndio wenye upendeleo, mtambo wake hauna upande wowote.

"Na wewe?" Mama Kavata akamuuliza.

"Mimi, Mama? Mimi nasema tu ukweli. Mimi sina upande."

Kicheko kilianza kwa yule mzee wa mapinduzi, kikapita bodi nzima kikanifikia mimi nyuma. Muuzaji alitazama viatu vyake, labda alidhani vimechafuka. Mama Kavata akangoja hadi kikatulia.

"Kijana, hata pastor wetu alikuwa na upande," akamwambia, "na yeye alikuwa anafanyia Mungu kazi. Kaa chini. Tutanunua hiyo kitu yako. Lakini atakayeishika ni huyu msichana, kwa sababu ndiye peke yake leo ametuambia tumpunguzie."

Ndinda alilia. Mimi nililia, na safari hii sikusingizia chochote. Na hapa ningeweka kalamu chini kama ningekuwa nauza kitu.

Lakini kulikuwa na meza moja pale ofisini, ile ya dirishani. Mimi nilianzia kwenye meza hiyo, Salim yuko nyuma yangu. Ndinda alianzia hapo, mimi niko nyuma yake. Mwaka huo angekuja kijana mwingine, na tangazo la nafasi yake lilikuwa limeshapigwa chapa. Bodi ikalifuta kikao hicho hicho, bila mjadala, maana kazi za mwanafunzi mtambo unazifanya chai ikichemka. Niliinua mkono nikauliza, Ndinda akizeeka atatoka wapi Ndinda mwingine, ikiwa hakuna tena anayeruhusiwa kuandika mvua ya wastani na kumwagiwa udongo? Mama Kavata akasema, "Hiyo tutaangalia." Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao anajua maana ya neno hilo.

Meza hiyo ilikuwa ya mmoja wenu. Jambo hilo linaniuma, na sina utamu wa kuwapa juu yake. Anayewaambia kazi imekufa anawadanganya, Ndinda yuko kazini na anapita hapa kila msimu na jembe garini. Anayewaambia hakuna kilichobadilika anawadanganya pia, hata akiwa mimi. Ndinda huliuliza swali la meza kila kikao, na kila kikao wanamwangalilia. Jisukumeni kwenye ofisi kama hizo, mkae hata kwenye ngazi, mwombe mtu awabebe siku ya kuchimba. Na haya niliyosema yapimeni mkijua mimi ni bibi anayependa kukumbukwa vizuri.

Nilisahau kuwaambia, mwalimu yule mstaafu wa Mbooni alifariki, na sasa mpima mvua wa upande huu ni mimi. Ndinda ameuambia mtambo mwelemeo wangu. Nimemwomba anionyeshe, amekataa katakata.

Juzi asubuhi alinipigia simu. Mvua ilikuwa imenguruma tangu alfajiri, mabati yanapiga kelele, na mimi nilikuwa nimeshatupa maharagwe yangu shambani wiki nzima mapema, nikiamini mawingu.

"Anti, huko imenyesha?"

"Imenyesha sana! Imetosha kabisa. Andika wapande."

"Umechimba, ama unatamani?"

Nikatazama dirishani, nikatazama kipimamvua, nikatazama blanketi lililonifunika miguu. Kisha nikamwambia angoje kidogo, nikaanza kutafuta jembe na gambuti.